Mto ni wa Kijiji, Mtambo Nao Uwe wa Kijiji

 Wazee wangu, kaka, dada na wadogo zangu wa Ludewa, nawaandikia kutoka Copenhagen.

Nimepata habari kwamba mnataka kuzalisha umeme kwa maji ya mto wetu, na kwamba kuna watu wamejitokeza kujenga mtambo ili wawauzie. Kabla hamjanyoosha mikono kwenye mkutano wa kijiji, naomba mnisikilize. Umeme tunautaka sote. Ninachowaomba ni kwamba mtambo uwe mali yenu.

Huku, ukisimama ufukweni Amager, unaona mitambo 20 ya upepo imejipanga baharini. Ni mradi wa Middelgrunden, uliokamilika mwaka 2000. Nusu ya mitambo ile ni ya ushirika wa wananchi zaidi ya 8,000, watu wa kawaida walionunua hisa. Mwenye hisa moja na mwenye hisa nyingi, kila mmoja ana kura moja mkutanoni. Hilo la kura ndilo lililonigusa kuliko ukubwa wa mitambo yenyewe.

Wala si lazima mfike Denmark kujionea. Nendeni Mawengi, wilayani kwetu. Pale kuna mtambo wa maji wa kilowati 300 uliojengwa kwa msaada wa shirika la ACRA la Italia, na unaendeshwa na LUMAMA, jumuiya ya watumiaji wenyewe. Tumeni watu watatu wanne, wakiwemo akina mama, wakalale huko siku mbili. Wasiishie kutazama taa. Waulize nani huamka usiku wa mvua kubwa kwenda kwenye banio kuondoa majani na matawi yaliyoziba chujio, maana maji yakikosa njia mtambo unazimika. Waulize anayefanya kazi hiyo analipwa na nani. Waombe kuona daftari la mapato.

Nasema hivyo kwa sababu miradi yetu mingi hufia hapo hapo, kwenye matengenezo na fedha zake. Ile pampu ya kisima tuliyoishangilia ilisimama kwa kukosa kipuri kidogo, na hakukuwa na mfuko wa kukinunua. Bei ya uniti ipangwe tangu mwanzo ikiwa na fungu la matengenezo, na fungu hilo lisiguswe hata kwa msiba. Najua ni jambo zito kulisema kwetu, lakini katiba ya ushirika wenu iliseme.

Jambo jingine ni la mchana. Mto hautulii, ila taa huwashwa jioni tu, kwa hiyo saa nyingi umeme utapita bure. Mashine za kusaga, karakana za mbao na za kuchomelea ziunganishwe mapema. Hizo ndizo zitakazolipa fundi na mhasibu.

Kuna wanaosema tusubiri, REA, Wakala wa Nishati Vijijini, itafika. Ifike, tutaipokea kwa mikono miwili. Sheria zetu zinamruhusu mzalishaji mdogo, wa chini ya megawati 10, kuliuzia shirika la umeme, TANESCO, umeme wake kwa mkataba maalumu. Gridi ikifika na mtambo ni wenu, mtakuwa wauzaji. Ukiwa wa mtu mwingine, mtabaki wateja, na maji ni yenu.

Sasa sisi tulio nje. Msituandikie barua za kuomba msaada. Sajilini ushirika kwa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, wekeni bei ya hisa ambayo mama muuza mboga ataimudu kidogo kidogo, halafu mtuuzie na sisi. Nikinunua hisa kumi, kura yangu iwe moja, sawa na ya huyo mama. Na wajumbe wa bodi watoke kwa wanaoishi hapo, wanaokaa gizani mtambo ukizimika.

Rasimu ya katiba ikiwa tayari, ipigeni picha mnitumie WhatsApp. Nitaisoma ukurasa kwa ukurasa, na nitakayoyaona nitawaandikia kabla ya mkutano.

Ni mimi, mtoto wenu.