Aliyetengwa Ana Lake?

Husemwa kwamba jamii haimtengi mtu bure. Anayetengwa ana lake, ama maradhi, ama tabia, ama mkosi. Mfano unaotolewa upesi ni wa mgonjwa wa ukoma: huyo alikuwa hatari, basi, hakuna aliyemwonea.

Hoja hiyo ingesimama kama kutengwa kungekoma siku ugonjwa unapokoma. Sikatai kwamba wazee wetu walikuwa na sababu ya kuogopa, kwa kuwa hawakuwa na dawa. Sisi tunayo. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limependekeza dawa mseto, na tangu 1995 zinatolewa bure. Mgonjwa huzitumia miezi 6, au 12 kama mabaka ni mengi, na akishaanza tu, haambukizi tena. Lakini nenda Kindwitwi, kule Rufiji, kijiji kilichoanza kama makazi ya wagonjwa wa ukoma. Wamo waliopona zamani, wamo watoto na wajukuu wao, na bado kijiji kinatajwa kwa ugonjwa ule. Mjukuu ambaye hajaugua hata siku moja ana lipi lake?

Watu huogopa vidole vilivyofupika. Wanadhani ukoma huvila, na kwamba ukipeana mkono na mwenye navyo, vyako vitafuata. Sivyo. Vijidudu vya ukoma hushambulia mishipa ya fahamu, mkono ukafa ganzi. Mama anaepua sufuria bila kitambaa na hasikii moto. Malengelenge anayaona jioni, akiosha vyombo. Kidonda kisichouma hakipumzishwi. Kesho yake anashika jembe kwa mkono uleule, kidonda kinaoza, mfupa unaliwa, kidole kinafupika. Laiti angekuwapo mtu pembeni wa kumwambia, "Dada, umeungua!" Lakini wenzake walikwisha kumtoa jikoni mwao. Sehemu kubwa ya ulemavu tunaoutaja kama sababu ya kumtenga imezidishwa na kule kutengwa kwenyewe.

Kiswahili kinalijua jambo hili kuliko sisi tunaokizungumza. Mtengwa ni neno la kutendwa: ukilitamka, umekiri kwamba yupo aliyetenga. Ndiyo maana tunapenda zaidi kusema "mkoma". Hapo mtendaji hatajwi, na mtu mzima, mwenye jina na ukoo, anageuzwa kuwa ugonjwa wake. Akipona, ugonjwa unaondoka, jina la ugonjwa linabaki limemganda.

Kwa hiyo nasema kutengwa hakumo mwilini mwa mtu. Ni kitendo, kina watendaji, na watendaji ni sisi: tunaomwekea kikombe chake peke yake ilhali ukoma hauambukizwi kwa kikombe.

Ukiona kwa jamaa yako baka lililofifia lisilosikia ukiligusa, mpeleke kituo cha afya mapema. Na akirudi, mnywesheni chai kwa vikombe vilevile vya nyumbani.