Mwenzako akipigwa kalamu, usinyamaze

Unajua vile hii kitu huanza. Mko kibandani saa ya lanchi, mtu anauliza mbona ovataimu ya mwezi jana haijalipwa. Mwingine anasema, "Si tujiunge na chama cha wafanyakazi?" Grupu ya WhatsApp inafunguliwa. Wiki haijaisha, bosi ashaona meseji zote. Ijumaa aliyefungua grupu anapewa barua: utovu wa nidhamu. Unga umemwagika.

Nilipoacha chuo niliwahi kuwa kwenye grupu kama hiyo. Mwenzetu alipofutwa, nilitoka kwenye grupu usiku huohuo. Barua ilikuwa yake, lakini ujumbe ulikuwa wetu sisi tuliobaki.

Na usidhani haya ni ya viwandani tu. Mwaka 2019, Daniel Motaung kutoka Afrika Kusini alikuwa akichuja video na picha za kutisha za Facebook katika kampuni ya Sama, Nairobi. Alifutwa baada ya kuwaongoza wenzake kudai malipo na mazingira bora. Mwaka 2022 alishtaki Sama na Meta, akisema kosa lake lilikuwa kujaribu kuunda chama. Sama inakana. Lakini Mei 1, 2023, wachujaji zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao.

Kifungu cha 41 cha Katiba kinakupa haki ya kuunda chama, kujiunga nacho na kugoma. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 46, inasema kuwa mwanachama, au kutaka kuwa, si sababu halali ya kukufuta. Korti inaweza kukupa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12.

Shida ni ushahidi, kwa sababu hakuna bosi anayeandika "chama" kwenye barua. Kwa hivyo hifadhi pesilipu, meseji na tarehe kwa simu yako, si kwa kompyuta ya ofisi. Usisaini kwamba umejiuzulu kwa hiari. Peleka malalamiko kwa afisa wa leba kabla miezi mitatu ipite.

Na wewe uliyebaki, najua kodi inakungoja. Hata hivyo, mwenzako alifutwa kwa kuuliza swali lililokuwa moyoni mwako. Akikuomba uwe shahidi wake, kubali. Mimi sikukubali, na bado tunapishana mtaani bila salamu.