MAJI YA MOTO NA KODI ZETU



Hapa Wote jua halina upungufu. Kinachopungua ni kuni. Mfanya kazi arudipo kutoka Emali au Sultan Hamud, mwili umejaa vumbi na grisi, maji yake ya kuoga huchemshwa kwa makaa ya kununua, na huku mabati ya nyumba yamechomwa na jua kutwa bila faida. Wengi wenu mmeuliza: Je, Serikali haimsaidii mtu kuweka hita ya maji ya jua? Twajibu waziwazi.

Mwaka 2012 Serikali ilitunga kanuni juu ya jambo hili. Jengo lililotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku liliamriwa kuweka hita ya jua, na majengo ya zamani yakapewa miaka 5. Mkaidi alitishwa kwa faini na kifungo. Kanuni zile zilishika kiboko, lakini hazikushika mfuko: hazikumpa mtu senti moja ya kununulia hita. Na mpangaji wa chumba kimoja, asiyefika lita 100, hazikumhusu kabisa.

Katika kodi nako mambo hayakai. Sheria ya Fedha ya 2020 iliondoa msamaha wa VAT kwa vyombo vya umeme wa jua. Ile ya 2021 ikaurudisha. Hata Marekani, sheria ya 2022 ilimpunguzia mwenye nyumba kodi kwa asilimia 30 ya gharama ya hita, kisha sheria ya 2025 ikaukata msaada huo mwisho wa Desemba mwaka ule ule. Basi anayengoja zawadi ya kodi ataoga maji baridi miaka mingi.

Lakini uko mlango mmoja ambao wengi hawaujui. Sheria ya kodi ya mapato humruhusu mtu kutoa katika hesabu yake riba ya mkopo wa kununua au kutengeneza nyumba anayokaa mwenyewe. Tangu mwisho wa Desemba 2024 kikomo ni shilingi 360,000 kwa mwaka. Mkopo sharti utoke kwa chombo kinachokubaliwa na sheria. Kabla ya kutia sahihi, ulizeni KRA kama hita yenu itahesabiwa.

Juu ya chombo chenyewe, watu wa reli hawahitaji kufundishwa boila. Maji baridi huingia chini ya paneli, yakipata moto hupanda yenyewe mpaka kwenye tangi lililo juu, bila pampu. Yaangalieni mambo mawili. Kwanza, lita 200 ni kilo 200, mbali na uzito wa tangi. Paa la boriti nyembamba halitastahimili. Pili, visima vingi vya Makueni vina maji ya chumvi. Wazee wetu wa injini za moshi walijua jinsi maji mabaya yanavyojaza ukoko ndani ya boila. Tumieni maji ya mvua, na fundi awe na leseni.

Sasa lililo kubwa. Msamaha wa riba humfaa mwenye nyumba na mkopo. Mwenzetu anayepanga chumba hukatwa PAYE kila mwezi kama sisi, wala hapati kitu. Kwa hiyo twaliomba tawi lijadili mambo haya katika mkutano mkuu:

1. Chama chetu cha akiba na mikopo kiweke mkopo wa hita, ulipwe kidogo kidogo.

2. Mwajiri atakapotengeneza nyumba za wafanya kazi, hita ya jua iwemo katika hesabu, wala kodi ya nyumba isipandishwe kwa sababu yake.

3. Wanachama wanunue pamoja, kwani mnunuzi wa hita 20 husikilizwa kuliko mnunuzi wa moja.

Njooni mkutanoni na hesabu ya makaa mnayochoma kwa mwezi. Mwajiri hatatikiswa na manung'uniko, bali na hesabu.

Mhariri