"Ndivyo Alivyo" Si Jibu



Likizo ya Desemba iliyopita, sisi mafrateri watatu tulikuwa Zinga, hapa Bagamoyo, kwa ajili ya uchungaji. Katika jumuiya ndogondogo moja tulimkuta binti wa miaka 13 mwenye sindromu ya Down. Joto la pwani lilikuwa kali, sisi tunajipepea kwa vitabu vya nyimbo, yeye amevaa sweta. Alianza kusinzia kabla ya Injili na hakuamka hadi sala ya mwisho. Mama mmoja akatuambia kwa upole, "Msijali, mafrateri, ndivyo alivyo." Nasi tukakubali. Katika tafakari yetu tulimwita malaika wa jumuiya, watu wakapiga makofi.

Mama yake alitusindikiza hadi barabarani. "Wanangu, nashukuru kwa maneno yenu," alisema. "Ila malaika hapelekwi hospitali. Huyu wangu anahitaji kupelekwa." Tuliona haya. Binti huyo alipimwa kila mwezi alipokuwa mchanga. Kadi ya kliniki ilipofika miaka mitano, safari zikaisha, na tangu hapo hupelekwa akiugua homa tu.

Muuguzi mmoja wa parokia alishauri apimwe damu. Ikaonekana kwamba tezi ya shingoni, yaani thairoidi, haitoi homoni ya kutosha. Mtu wa namna hiyo huhisi baridi wakati wengine wanatoka jasho, huwa mzito, hupata choo kwa shida, na husinzia. Sasa anameza kidonge kila asubuhi. Tuliporudi wakati wa Pasaka, sweta halikuwepo, na ni yeye aliyetushika mkono kutuonyesha pa kukaa. Sindromu ya Down anayo bado, wala hatukutegemea iondoke. Kilichoondoka ni ule usingizi, ambao haukuwa wake.

Darasani tunajifunza kwa Aristotle na Mtakatifu Thoma kutofautisha kiini cha kitu na mambo yanayoambatana nacho. Tunajibu vizuri kwenye mtihani, kumbe pale Zinga tulishindwa. Mtu mwenye sindromu ya Down ni mtu kamili, mwenye roho na hadhi. Kuzaliwa na nakala ya tatu ya kromosomu ya 21 hakuipunguzi hadhi hiyo. Usingizi unaotokana na thairoidi ni maradhi, tena yana dawa. Tukisema "ndivyo alivyo," tunayaweka maradhi mahali pa mtu, na dawa inabaki kwenye kabati.

Maradhi hayo yanajulikana, na ndiyo maana yanaweza kutafutwa kabla hayajaleta madhara. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo, kwa hiyo kila mmoja anahitaji kipimo cha eko mapema, hata kama anaonekana mzima. Thairoidi hupimwa anapozaliwa, akiwa na miezi 6, akitimiza mwaka, kisha kila mwaka maisha yote. Masikio huziba kwa maji ndani bila maumivu, na mtoto asiyesikia huitwa mkaidi. Macho nayo yaangaliwe. Anayekoroma na kukatika pumzi usiku achunguzwe. Akibadilika ghafla namna ya kutembea, au mikono ikilegea, asicheleweshwe, kwani huenda mifupa ya shingo inabana uti wa mgongo. Akivuka miaka 40, kumbukumbu yake ifuatiliwe.

Je, kuna faida? Nchini Marekani, mwaka 1983 watu hawa waliishi kwa wastani miaka 25. Leo ni karibu 60. Kromosomu ile haijabadilika. Kilichobadilika ni kwamba mioyo yao inafanyiwa upasuaji na afya zao zinafuatiliwa.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ya Ulaya na Marekani. Ni kweli kwamba nauli ya kutoka Zinga hadi Dar es Salaam, siku ya kazi iliyopotea na gharama ya vipimo ni mzigo kwa mama anayeuza samaki. Msamaha wa matibabu kwa watoto chini ya miaka 5 humwacha mzazi njiani wakati ambapo ufuatiliaji ndiyo kwanza unahitajika. Lakini upasuaji wa moyo kwa watoto unafanyika hapa hapa nchini, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Na mzigo unaomlemea mama mmoja, jumuiya ya kaya kumi na tano inaweza kuubeba. Tunachangia harusi, tunachangia misiba. Kipimo cha damu mara moja kwa mwaka hakitatushinda.

Tunapendekeza jambo moja dogo. Kila jumuiya yenye mtu wa namna hii iwe na daftari lake: moyo, thairoidi, masikio, macho, tarehe ya mwisho na tarehe ijayo. WAWATA na wahudumu wa afya wa parokia walisimamie. Siku ya kulifungua iwe tarehe 21 Machi, Siku ya Sindromu ya Down Duniani, iliyochaguliwa kwa sababu ya nakala tatu za kromosomu ya 21.

Msamaria Mwema tunamsifu kwa mafuta na divai. Tunasahau kwamba alimwachia mwenye nyumba ya wageni fedha, akaahidi kurudi. Huruma yake ilikuwa na tarehe ya kurudi. Sisi tulipiga makofi, tukaondoka. Mwaka huu, Mungu akipenda, tutarudi Zinga tukiwa na daftari.