Sweta la mkono haliagizwi wiki ya Krismasi

Wiki hii nilikuwa Kipili, nimeketi chini ya mwembe na bibi mmoja ambaye kwa kufuma sijaona wa kumfikia mwambao wote huu wa Ziwa Tanganyika. Mapajani alikuwa na sweta jeupe la mtoto mchanga, limebaki mkono mmoja. Akaja kijana, simu sikioni. Shikamoo hakutoa.

"Bibi, nataka seti ya mtoto: sweta, kofia na soksi. Tunabatiza Krismasi, Sumbawanga."

Krismasi yenyewe siku nne mbele! Bibi akamjibu kwa upole, "Mjukuu wangu, hata uzi sina. Mpaka nimtume mtu Namanyere." Kijana akauliza bei. Alipotajiwa akacheka kwa sauti, watu wakageuka. "Mbona mnadani la mtumba napata kwa elfu mbili?" Akaenda zake.

Nilikasirika, na hadi ninapoandika haya hasira haijaisha. Wakati kijana anacheka, bibi alikuwa ameona uzi mmoja umeponyoka mistari mitatu chini. Akaifumua yote mitatu, akauzungusha uzi kidoleni, akaanza upya. Kosa lenyewe mimi sikuliona, hata aliponionyesha kwa ncha ya sindano. "Kidole cha mtoto kitanasa hapa," akaniambia, "na sweta litafumuka lote." Kazi ya namna hiyo ndiyo iliyopewa bei ya elfu mbili.

Asiyezijua pande hizi atauliza sweta la nini Kipili, kwenye joto la ziwa. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari; Sumbawanga iko juu ya mita 1,700. Mtoto akipandishwa huko Desemba, mvua zinanyesha, akamwagiwa maji ya ubatizo asubuhi, anahitaji sufu iliyomkaa mwilini.

  Na mtumba sina vita nao. Nusu ya kabati langu imetoka mnadani. Ila mtumba umetuzoesha kuvaa nguo bila kumwona aliyeitolea jasho, na sasa tukimwona ana kwa ana tunamdai bei ya asiyeonekana. Tena tunafanya hivyo huku Ufipa! Wasafiri wa karne ya 19 waliwakuta Wafipa wakilima pamba yao, wakiisokota na kufuma nguo kwa mikono. Vitambaa vya bei ndogo kutoka ng'ambo vikaizima kazi ile. Hii ya sindano na sufu tunaizima wenyewe, kwa kicheko.

Zawadi ya kufumwa ina siku zake. Uzi ununuliwe, mtoto akadiriwe kimo, na bibi ana shamba, ana jiko, ana wajukuu. Sindano anazishika jioni. Anayefika tarehe 21 akitaka seti nzima kwa bei ya mtumba hajaja kununua, amekuja kumdharau mtu mzima mbele ya watu.

Unayetaka sweta la Krismasi ijayo, nenda kwa mfumaji wako mwezi wa Septemba. Mwamkie, mpe pesa ya uzi siku hiyo hiyo, na bei atakayokutajia ulipe yote.