Afya Nyumbani: Macho Yakigeuka Manjano

Nyongo ni maji machungu yatengenezwayo na ini. Huwekwa akiba katika kifuko kidogo kilicho chini ya ini, upande wa kuume, na mtu alapo chakula chenye mafuta kifuko hicho hujikamua na kuimwaga nyongo utumboni ili isaidie kuyasaga mafuta. Pengine nyongo huganda ikawa mawe, mengine madogo kama chembe za mchanga. Wengi wenye mawe hayo hawajui kuwa wanayo, wala hayawadhuru. Lakini jiwe likiziba njia, maumivu makali hushika chini ya mbavu za kuume, aghalabu baada ya kula mafuta mengi, yakapanda hata mgongoni na begani.

Katika vijiji vya Kitui na Makueni, tumbo likiuma wengi hukimbilia mwarobaini au utomvu wa mshubiri, uitwao kiluma kwa Kikamba. Wengine wamesikia habari za kunywa mafuta ya zeituni pamoja na maji ya ndimu. Anywaye hayo huona baadaye vidonge vya kijani chooni, akafurahi akidhani mawe yametoka. Mwaka 2005 madaktari wa New Zealand walitangaza matokeo ya kupima vidonge vya namna hiyo. Vilipotiwa katika joto la nyuzi 40 viliyeyuka, maana vilikuwa mfano wa sabuni iliyofanyika tumboni kwa mafuta yale yale yaliyonywewa. Havikuwa mawe ya nyongo hata kidogo.

Lifaalo kufanywa nyumbani ni kupunguza mafuta katika chakula na kwenda kupimwa. Mawe yasumbuayo huondolewa kwa kupasuliwa hospitalini. Maumivu yakifuatana na homa na kutetemeka, au macho yakigeuka manjano, mgonjwa asingoje hata siku moja.

Hayo macho ya manjano yana kisa chake Ukambani. Si jiwe tu liyaletalo. Mwaka 2004 watu wa Makueni, Kitui na wilaya jirani walianza kuumwa na tumbo, kutapika na kuwa na macho ya manjano. Walioandikwa kuwa wagonjwa walikuwa 317, na kati yao 125 walifariki. Haikuwa nyongo wala uchawi. Ilikuwa ni aflatoksini, sumu ya kuvu iharibuyo ini, nayo ilikuwa katika mahindi yao wenyewe. Mvua ilikuwa imenyesha nje ya wakati wake, mahindi yakavunwa yangali na maji, yakawekwa ndani ya nyumba zenye joto. Wala haikuwa mara ya kwanza, kwani mwaka 1981 sumu hiyo hiyo iliua watu 12 katika Machakos.

Hapo ndipo hatari ya dawa za nyumbani inapoonekana. Mtu anywaye mizizi huku akiendelea kula ugali wa mahindi yale yale huzidi kujitia sumu kila jioni, pamoja na watoto wake. Hakuna dawa ijulikanayo ya kuifuta aflatoksini mwilini. Jambo la kwanza ni kukiacha chakula kile, na la pili ni kwenda hospitali. Watu wawili au watatu wa nyumba moja wakiugua namna moja, ichukuliwe na kopo ya mahindi wanayoyala, ili yapimwe.

Sumu hii haiishi kwa kuosha wala kwa kupika. Kukoboa mahindi kwa kufanya muthokoi huipunguza, lakini hakuimalizi. Pia haifai kumpa ng'ombe mahindi yaliyoota kuvu, maana sumu hupita katika maziwa.

Kinga yenyewe ni ukavu. Mahindi yaanikwe juu ya mkeka au turubai, yasiwekwe juu ya udongo mtupu. Maji yaliyomo yasizidi sehemu 13 na nusu katika 100. Asiye na chombo cha kupimia achukue chupa ya kioo iliyo kavu, atie mahindi hata theluthi yake pamoja na vijiko vichache vya chumvi kavu, aitikise vizuri, kisha aiache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi ni mabichi bado. Isipoganda, siku nyingine moja au mbili za jua hazitadhuru. Magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Tena iko dawa iitwayo Aflasafe, ambayo hutengenezwa Katumani, Machakos. Hunyunyizwa shambani mahindi yangali yakikua, nayo ina kuvu isiyo na sumu iizuiayo ile mbaya. Bwana shamba ataeleza namna ya kuitumia.

Ni vigumu kwa mkulima kuyatupa mahindi aliyoyalimia kwa jasho, hasa mwaka wa njaa. Lakini gunia lililoharibika likitupwa, hasara yake ni ya msimu mmoja. Likipelekwa jikoni, hasara yake haina msimu wa kuilipa.