Maziwa ya Mama Yaliyohifadhiwa na Dawa za Maumivu

 

Wiki chache zilizopita, baada ya swala ya Ijumaa, tulifikiwa na bibi mmoja wa hapa Lituhi akiwa na swali ambalo hakupenda kumwuliza imamu mbele za watu. Mkwewe ni mwalimu, naye amerejea kazini mtoto akiwa hajatimiza miezi mitatu. Kila alfajiri hukamua maziwa na kuyaacha katika kikombe chenye mfuniko, ili bibi amnyweshe mjukuu wake. Usiku mmoja jino lilimsumbua mwalimu huyo, akameza vidonge viwili vya parasetamo, na alfajiri akakamua kama ada yake. Bibi alipoiona pakiti ya dawa mezani, aliyamwaga maziwa yote uani. Mtoto alipolia, alikorogewa uji mwepesi. Jioni alianza kuharisha. Bibi akaingiwa na hofu, na kwa muda wa siku mbili mwalimu alipokuwa kazini, mtoto alipelekwa kwa jirani anayenyonyesha. Swali la bibi lilikuwa fupi: je, nilikosea?

Tulimjibu kwamba nia yake ilikuwa kulinda, na malipo ya nia yako kwa Allah. Lakini katika yote yaliyotokea siku zile, lile aliloliogopa ndilo lililokuwa na hatari ndogo kuliko mengine.

Ni kweli kwamba dawa aimezayo mama huingia katika damu yake, na sehemu yake hupita katika maziwa. Swali la kuuliza ni kiasi gani. Wataalamu hulinganisha kiasi anachokipata mtoto na kiasi alichokimeza mama, kwa kuzingatia uzito wa kila mmoja, na aghalabu dawa ambayo mtoto hupata chini ya asilimia 10 huhesabiwa kuwa yaweza kutumika. Ibuprofeni haifiki hata asilimia 1. Parasetamo inayopita katika maziwa ni pungufu sana ya ile ambayo mganga humpa mtoto mchanga mwenyewe anapokuwa na homa. Diklofenaki, ambayo wanawake wengi hupewa baada ya kujifungua kwa upasuaji, nayo hupita kwa uchache. Kwa hiyo maziwa yale ya mwalimu yalikuwa halali na salama, na tunasikitika kwamba yalinywewa na mchanga.

Liko jambo ambalo watu wengi hulichanganya. Maziwa yaliyomo titini hayajatengana na damu. Dawa ikipungua katika damu, hupungua na katika maziwa pia, kwa kuwa hurudi ilikotoka. Sisi wa ufukweni tunaweza kulifahamu hili kwa urahisi: Ziwa Nyasa likishuka, maji ya ghuba zake nayo hushuka, bila mtu yeyote kuyateka. Ndiyo sababu kukamua na kumwaga hakuharakishi dawa kutoka mwilini. Lakini maji yaliyokwisha kutekwa katika ndoo hubaki kama yalivyotekwa. Maziwa yaliyokamuliwa yana dawa ile ile iliyokuwamo saa ya kukamuliwa, na kuyagandisha au kuyachemsha hakuiondoi. Hapo ndipo ulipo umuhimu wa kuandika juu ya chombo tarehe, saa, na dawa iliyotumika. Yaliyokamuliwa kabla ya kumeza dawa hayana shaka yoyote kwa upande huo.

Zipo dawa ambazo hofu ya bibi ingekuwa mahali pake. Mwezi Aprili 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba mama anayenyonyesha asitumie kodeini wala tramado, kwa kuwa miili ya baadhi ya watu huzigeuza kwa kasi kuwa kitu chenye nguvu zaidi, na mtoto aweza kulala usingizi mzito, kushindwa kunyonya, au kupumua kwa shida. Mtoto mwenye dalili hizo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Kodeini hupatikana pia katika baadhi ya dawa za maji za kikohozi. Aspirini nayo ni bora kuiepuka. Imehusishwa na maradhi ya ini na ubongo kwa watoto, na mwaka 1986 Uingereza iliizuia kwa walio chini ya miaka 12. Tatizo ni kwamba baadhi ya vidonge vya mchanganyiko vina aspirini ndani yake na mnunuzi hajui. Geuza pakiti usome.

Katika hili sisi watu wa Ruvuma hatuna udhuru mkubwa. Mpango wa Duka la Dawa Muhimu, ambao leo umeenea nchi nzima, ulianzia katika mkoa wetu huu mwaka 2003, kwa lengo hasa la kuweka katika maduka ya vijijini wauzaji waliofundishwa. Basi mama aseme waziwazi dirishani: ninanyonyesha, na mtoto wangu ana umri huu. Wanaume wanaotumwa dawa waseme hivyo hivyo (nao ndio wepesi wa kusahau). Parasetamo isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Mwenye vidonda vya tumbo au pumu asiguse ibuprofeni wala diklofenaki bila ya kumwona mganga, na mwenye mtoto njiti au mgonjwa aulize kwanza kwa dawa yoyote ile.

Tulimweleza bibi pia kwamba kwa mji wetu joto ni la kuogopwa kuliko parasetamo. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa takriban saa 4 katika joto lisilozidi nyuzi 25, na siku 4 katika jokofu lenye baridi ya kutosha. Mchana wa Novemba hapa ziwani huzipita nyuzi hizo kwa mbali, hivyo asiye na jokofu aweke kikombe ndani ya beseni la maji baridi kivulini na ayatumie mapema. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kisafi, si kwa chupa yenye chuchu, ambayo ni ngumu kuitakasa. Ama uji, haujafika wakati wake mpaka miezi sita. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo, kisha hadi saa mbili kila siku za kunyonyesha. Mwalimu huyu hakuwa amewahi kuziomba. Sasa ameziomba.

Likabaki la jirani. Aya ya 233 ya Suratul Baqara inawaruhusu wazazi kumpatia mtoto mnyonyeshaji mwingine, kwa hiyo hapana dhambi katika tendo lenyewe. Lakini Suratun Nisaa, aya ya 23, inaharamisha ndoa kwa udugu wa kunyonya, na katika madhehebu ya Imamu Shafi udugu huo huthibiti kwa manyonyo matano yaliyotengana, mtoto akiwa chini ya miaka miwili. Maziwa yaliyokamuliwa na kunywewa kikombeni yana hukumu hiyo hiyo, jambo ambalo wengi hulisahau wanapoazimana maziwa. Tulimwuliza bibi ni mara ngapi. Akahesabu kwa vidole: siku ya kwanza mara tatu, siku ya pili mara mbili.

Imamu aliwaita mama wawili na waume zao, akawasikiliza, akathibitisha kwamba mtoto wa mwalimu amekuwa mwana wa jirani kwa kunyonya. Jirani ana mabinti wawili. Nasi, kwa kuwa daftari la ndoa la msikiti liko mikononi mwetu, tulifungua ukurasa mpya nyuma yake, tukaandika jina la mtoto, la mama yake wa pili na la mumewe, kisha ya mabinti wale wawili, tukaacha mistari mitupu chini yake kwa ajili ya watakaozaliwa.